Maji Yanapotuama Kwenye Nyasi: Chanzo, Kinga na Tiba

Nyasi za bustani zinazokaa ndani ya maji hufa kwa kukosa hewa. Udongo wenye afya ni yabisi kwa kadiri ya nusu tu. Nusu nyingine ni nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe, na nafasi hizo hugawanwa na maji na hewa. Mizizi hupumua oksijeni iliyomo humo. Mvua kubwa inaponyesha nafasi zote hujaa maji. Udongo unaopitisha vizuri huyaachia yashuke ndani ya saa chache au siku moja, hewa ikarudi mahali pake; usiopitisha hubaki umejaa. Oksijeni husafiri ndani ya maji takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani, kwa hiyo ile kidogo iliyokuwamo ikishatumiwa na mizizi na vijidudu, hakuna nyingine inayowahi kufika.

Hapo ndipo balaa linapoanza. Ncha za mizizi huoza, nyasi hushindwa kufyonza chakula, na naitrojeni iliyokuwa ardhini hugeuzwa na bakteria kuwa gesi ikapotea angani. Ndiyo maana bustani iliyotuamisha maji hugeuka rangi ya njano hata kama iliwekwa mbolea wiki iliyotangulia. Joto nalo huongeza makali: udongo wa moto huifanya mizizi ipumue kwa kasi zaidi, na maji ya kina cha vidole viwili yakipigwa na jua la saa sita mchana huwa kama maji yaliyobandikwa jikoni, yakayababua majani yaliyo chini yake. Hivyo dimbwi la saa chache lenye jua kali linaweza kuleta hasara ambayo siku nzima ya mawingu na mvua haikuileta.

Dalili hujitokeza mapema kwa anayeangalia. Mguu ukikanyaga huacha alama inayojaa maji. Nyungunyungu hupanda juu. Baadaye huonekana ukoga wa kijani unaoteleza, ukoka huwa mwembamba wenye mabaka, na ndago huanza kushika nafasi, kwa kuwa ndago hustahimili unyevu ambao nyasi nyingi haziuwezi. Udongo ukichimbuliwa huwa na rangi ya kijivu au weusi wa samawati, na wakati mwingine hutoa harufu ya yai viza, ambayo ni alama kwamba hewa imekosekana kwa muda mrefu. Kipimo rahisi ni siku mbili: dimbwi ambalo bado lipo saa 48 baada ya mvua kukatika linaonyesha kasoro inayohitaji kushughulikiwa. Likifika wiki, linakuwa jambo la afya. Mbu wa malaria hupenda madimbwi madogo ya muda yanayopigwa na jua, na katika joto la ukanda huu yai linaweza kuwa mbu anayeruka baada ya siku kama 7 hadi 14.

Maji yanatoka wapi

Tatizo hili huanzia kwenye hesabu ndogo: maji yanayoingia yamezidi yanayotoka. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120, ikipata mvua ya milimita 50, hukusanya lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita 20. Kama paa halina milizamu, maji hayo hudondoka pembezoni mwa msingi kwa mstari mmoja. Kama ipo, humwagwa na mabomba mawili au matatu kwenye vipande vidogo vya nyasi. Ongeza maji ya kibaraza, ya njia ya gari iliyotandikwa matofali ya pevingi, na ya jirani aliye juu ya mteremko. Bustani hulaumiwa kuwa haipitishi maji, kumbe imebebeshwa mzigo wa eneo lililo mara tatu ya ukubwa wake.

Upande wa kutoka huamuliwa na udongo. Udongo wa mchanga humeza zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Tifutifu humeza milimita 10 hadi 20. Mfinyanzi humeza 1 hadi 5 tu. Mvua ya masika inaweza kumwaga milimita 50 kwa saa mbili, na kwenye mfinyanzi sehemu kubwa ya hizo itabaki juu ikitafuta pa kwenda.

Nairobi huonyesha tofauti hii ndani ya jiji moja. Upande wa magharibi, kuelekea Karen na Limuru, ardhi ni nyekundu, ina kina na hupitisha maji vizuri ingawa ina mfinyanzi mwingi, kwa kuwa chembe zake zimeshikana katika vibonge vyenye nafasi kati yake. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi, Syokimau na Athi River, kuna udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Tanzania udongo wa jamii hiyo huitwa mbuga, na wakazi wa Mwanza na Shinyanga wanaujua kwa namna unavyoganda kwenye viatu na magurudumu. Mbuga ina hila yake. Mvua za kwanza humezwa zote na nyufa, mwenye bustani akaridhika. Udongo ukishakunywa huvimba, nyufa hufunga, na kuanzia hapo maji hayana njia ya kushuka.

Dar es Salaam ina tatizo la aina nyingine. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mchanga, na mchanga hauzuii maji. Lakini katika maeneo ya bondeni na karibu na bahari, kama Msasani na Mikocheni, maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, na masika yanapokolea hupanda hadi kuikuta mizizi. Pale hakuna tundu litakaloyapeleka maji chini, kwa sababu chini nako kumejaa.

Kinachojificha chini ya ukoka

Baada ya yote hayo, sababu inayoharibu bustani nyingi za nyumba mpya ni ujenzi wenyewe. Wakati wa kujenga, malori ya mchanga na matofali huingia na kutoka miezi mingi, zege hukorogwa ardhini, na udongo wa juu wenye rutuba huchotwa au kufunikwa na ule uliotoka kwenye msingi. Nyumba ikiisha, mabaki husawazishwa, hupitishwa safu nyembamba ya udongo mwekundu, na ukoka hupandwa juu yake siku chache kabla ya mwenye nyumba kuhamia. Kwa miezi ya kiangazi bustani hupendeza. Mvua ikija, kila kitu hufichuka.

Anayetaka kujua ukweli achimbe shimo. Beleshi huingia kwa ulaini sentimita nne au tano za mwanzo, kisha hugonga. Chini ya kile kidogo cha udongo hutokea kokoto, vipande vya matofali, mfuko wa saruji ulioganda, na baada ya hapo tabaka la kijivu lililoshindiliwa na magurudumu mpaka sululu inaruka. Mizizi ya ukoka huonekana imefika juu ya tabaka hilo, ikageuka na kutambaa ubavuni kama mtu aliyefika kwenye ukuta. Kuchimba pote hakuhitajiki. Nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, ikichomwa kwa mkono kila baada ya mita mbili siku ambayo ardhi ina unyevu wa wastani, huonyesha pale inaposimama ghafla, na mchoro wa tabaka gumu hupatikana ndani ya nusu saa.

Kwa nini safu nyembamba ya udongo hubaki imelowa kiasi hicho? Sponji ya kuoshea vyombo hujibu vizuri kuliko maelezo marefu. Ichovywe majini ijae, kisha ilazwe juu ya kiganja hadi iache kudondoka. Sasa igeuzwe isimame wima kwa upande wake mrefu: hudondosha tena maji mengine, ingawa haikubanwa. Sehemu ya chini ya kitu chochote chenye vitundu hubaki na maji yaliyoshikwa, na kimo cha maji hayo hakibadiliki sana. Sponji iliyolazwa ni fupi, kwa hiyo karibu yote imo ndani ya kimo hicho. Ikisimama, sehemu ya juu hupata nafasi ya kukauka. Udongo wa sentimita 5 juu ya tabaka gumu ni sponji iliyolazwa. Udongo wa sentimita 25 au 30 ni sponji iliyosimama, na mizizi ya juu hupata hewa hata kama chini bado pamelowa.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kosa linalorudiwa sana, la kutandaza kokoto chini ya udongo kwa kuamini kwamba zitavuta maji. Maji hayatoki kwenye vitundu vidogo kuingia kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu ujae kabisa. Tandiko la kokoto lisilo na bomba la kutoa maji halisaidii, na pengine hufupisha tu sponji. Viwanja vya gofu na vya mpira vya kisasa hutumia kokoto, lakini huwa na bomba chini yake, na juu yake mchanga maalumu wa kina kama sentimita 30.

Kinga huanza kabla ya kupanda

Gharama ya kuzuia ni sehemu ndogo ya gharama ya kutibu. Kwenye kiwanja kinachoanza kujengwa, udongo wa juu, sentimita 20 hivi za kwanza, uchotwe na kurundikwa kando kabla lori la kwanza halijaingia. Malori yapangiwe njia moja, na zege likorogewe mahali pamoja ambapo baadaye patakuwa njia au maegesho. Mafundi wengi watakubali wakiambiwa mapema. Hakuna atakayekubali kufumua tabaka gumu bila malipo baada ya kazi kuisha.

Ujenzi ukimalizika, ardhi ichimbuliwe kwa sululu au jembe la meno hadi sentimita 25 au 30, mabaki yaondolewe, ndipo udongo wa juu urudishwe. Samadi iliyooza vizuri au mboji ichanganywe humo, safu ya sentimita 5 ikichimbiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Mbolea hizi hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa vibonge na kuacha nafasi, na huwaita nyungunyungu, ambao matundu yao ni mifereji isiyolipiwa.

Mwinamo uwekwe wakati huohuo. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita zinatosha: jicho halioni, maji yanaona. Yaondoke nyumbani, kamwe yasielekee kwenye msingi. Fundi mwenye vigingi, uzi na mpira wa maji hupata levo sahihi bila chombo cha gharama, na shimo la kina cha vidole vitatu katikati ya bustani huonekana siku hiyohiyo badala ya kungoja Aprili.

Kisha paa. Hakuna hatua moja inayopunguza maji bustanini zaidi kuliko milizamu iliyounganishwa na tangi. Tangi la lita 5,000 likijaa, maji ya ziada yaongozwe kwa bomba hadi kwenye mtaro wa mvua. Yasiingizwe kwenye karo la maji taka, kwa sababu karo likifurika hurudisha uchafu uani, na bustani iliyokuwa na maji ya mvua sasa ina maji ya chooni.

Kutibu bustani iliyokwisha kuharibika

Tiba ianze kwa kipimo. Shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana lijazwe maji, liachwe yaishe, lijazwe tena, kisha kushuka kwa maji kupimwe kwa rula kila saa. Yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, udongo wa chini ni mzuri na kasoro iko juu. Yakishuka chini ya sentimita 1, udongo hautayameza, na njia pekee ni kuyatoa nje ya eneo. Shimo likianza kujaa lenyewe kabla ya kumwagiwa, hayo ni maji ya ardhini.

Kasoro ikiwa juu, yaani udongo umeshindiliwa na nyayo, watoto, mbwa na mashine ya kukata majani, dawa ni kutoboa. Uma wa bustani huchomwa wima kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, hutikiswa kidogo, huchomolewa, na kuchomwa tena umbali wa sentimita 10. Chombo chenye meno yaliyo wazi ndani, kinachong'oa vipande vya udongo mfano wa soseji, ni bora zaidi kwenye mfinyanzi, kwani uma wa kawaida huweza kubana kuta za tundu. Kazi hii ifanywe udongo ukiwa na unyevu wa kiasi. Kutoboa tope ni kulishindilia. Matundu hufagiliwa mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, uliochanganywa na mboji iliyochekechwa. Safu isizidi milimita 5 kwa mara moja, nyasi zipate kuchungulia. Kwa mita za mraba 100 hiyo ni nusu mita ya ujazo, kama toroli 8. Mchanga wa ufukweni usitumiwe, kwa kuwa chumvi yake huua kile kinachookolewa.

Mchanga huo ni wa kujaza matundu. Kumwaga lori zima juu ya mfinyanzi na kuuchanganya juujuu ni kosa la gharama: chembe za mfinyanzi huziba nafasi zote kati ya punje za mchanga, na kinachopatikana kiangazi kinakaribia zege. Ili mchanga utawale tabia ya udongo lazima uwe sehemu kubwa kuliko mfinyanzi wenyewe, na hiyo ni kubadilisha udongo wote. Jasi nayo husifiwa sana madukani. Husaidia udongo wenye sodiamu nyingi. Kwenye mfinyanzi wa kawaida fedha hupotea bure, ndiyo maana udongo upimwe maabara kabla ya kununua.

Mbuga haitibiki kwa matundu, kwa kuwa hujifunga yenyewe ikivimba. Dawa yake ni umbo. Wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia hulima udongo wa aina hiyo kwa matuta mapana yanayotenganishwa na mifereji, maji yakapita kando mizizi ikabaki juu. Bustani hufanyiwa vivyo hivyo kwa upole zaidi: katikati huinuliwa kama mgongo wa kobe, kingo hushuka, na kando yake hupita mfereji mpana wa kina kifupi uliooteshwa nyasi, ambao mashine ya kukatia inaweza kupita juu yake. Udongo mwekundu unaoletwa uwe na kina cha sentimita 20 angalau. Ukiwa sentimita 5, ni sponji iliyolazwa tena.

Pale maji yanapotoka upande mmoja, kwenye mteremko au kwa jirani, mtaro wa kokoto huyakatiza kabla hayajafika. Mtaro huu huchukua jina la Henry Flagg French, mwanasheria na mkulima wa Marekani aliyeueleza katika kitabu chake Farm Drainage cha mwaka 1859. Huchimbwa kwa upana wa sentimita 30 na kina cha 45 hadi 60, kukingama mteremko, na sakafu yake hushuka sentimita 1 kwa kila mita. Hutandikwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia matope, kisha safu ya kokoto safi zilizooshwa, kisha bomba la inchi 4 lenye matundu, kisha kokoto tena, na kitambaa hufunikwa juu yake kama sambusa. Sentimita 10 hadi 15 za juu hujazwa mchanga mzito na udongo mwepesi, nyasi zikarudishwa. Matundu ya bomba huelekezwa chini: maji huinuka kwenye kokoto hadi kulikuta bomba, likayaondoa. Mafundi wengi huyaelekeza juu wakidhani maji huingia kama mvua kwenye ndoo, na kwa namna hiyo bomba hubaki tupu hadi mtaro wote ujae, na tope ndilo linalotangulia kuingia.

Mtaro usio na mahali pa kumwaga ni tangi lililofukiwa. Kabla ya jembe la kwanza lazima ijulikane maji yataishia wapi: mtaro wa mvua wa barabara, mfereji wa asili, au shimo la kunyonya pale ambapo kipimo kimeonyesha udongo wa chini unameza. Shimo hilo liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali na karo. Kuyaelekeza kwa jirani wa chini ni kuhamisha ugomvi, na mvua ijayo itauleta mlangoni.

Kwa maji ya ardhini yanayopanda, kama bondeni pwani, mitaro haisaidii isipokuwa kuna mahali palipo chini zaidi pa kumwagia. Kinachobaki ni kuinua bustani, au kuchagua nyasi nyingine.

Nyasi zipi zinavumilia

Kikuyu, nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki iliyochukua jina la jamii ya huko na kusambazwa hadi Australia, Hawaii na California, huvumilia maji ya muda mfupi na hupona haraka kwa vikonyo vyake vinavyotambaa. Ukoka wa kawaida hustahimili mafuriko ya siku chache, lakini haupendi ardhi inayobaki imelowa majira yote, wala kivuli. Pemba, yenye majani mapana, huwafaa wa pwani na hukubali kivuli cha miembe. Kwa maeneo yenye maji ya chumvi au chepechepe ya kudumu, paspalamu ya pwani haina mshindani, kwa kuwa kwao ni kingo za bahari na midomo ya mito. Hata hiyo itadhoofika ikizamishwa muda mrefu kwenye tabaka lililoshindiliwa. Kuchagua nyasi kunasaidia udongo uliotayarishwa. Hakufuti kazi ya beleshi.

Siku za mvua na zinazofuata

Maji yakiwa bado juu, jambo la kwanza ni kuacha kukanyaga. Kila hatua juu ya udongo uliojaa hubana nafasi ambazo hewa ingerudia. Madimbwi yafagiliwe kwa ufagio mgumu kuelekea sehemu ya chini, au yachotwe kwa sahani na ndoo mtu akisimama juu ya ubao. Tope lililoletwa na mafuriko lioshwe au likwanguliwe mapema, kwa maana likikauka hufanya gamba linaloziba hewa. Ikiwa maji yamepita mitaa yenye vyoo vya shimo, yahesabiwe kuwa machafu: wapo wanaotapisha vyoo mvua inaponyesha, na kipindupindu husafiri humo. Watoto wazuiwe kucheza hapo hadi jua likaushe vizuri, na kazi ifanywe kwa buti na glavu.

Kukata kusubiri mpaka nyayo zisiache alama. Nyasi zikiwa zimerefuka, theluthi moja tu ya urefu ikatwe kwa mara moja. Mbolea isiwekwe wakati mvua ingali inakuja, maana itasombwa hadi mtaroni. Wiki mbili baada ya udongo kukauka, nyasi zikianza kutoa majani mapya, kilo 1 ya mbolea ya CAN kwa mita za mraba 100 inatosha kurudisha rangi bila kuichosha mizizi dhaifu. Mabaka yaliyokufa yakwanguliwe kwa reki, yatobolewe, yapandwe vikonyo vipya. Yakifa tena masika yanayofuata mahali palepale, tatizo liko chini ya ardhi na halitatibiwa kwa kununua ukoka wa tatu.

Kazi nzito ina majira yake. Januari na Februari, kabla ya masika, na Julai hadi Septemba, kabla ya vuli, ardhi hubeba toroli bila kubonyea na mtaro hauporomoki kuta. Anayengoja hadi maji yamesimama ndipo aite fundi atalipia kazi ya tope, kisha atailipia tena ikikauka.

Na kuna kona ambayo maji yataiendea hata baada ya yote hayo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya chini ya kiwanja. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimekwisha kuipatia matumizi: mgomba nyuma ya bafu, magimbi mahali maji ya karai yanapomwagwa. Mimea hiyo hunywa maji mengi na hushukuru kwa chakula. Kona kama hiyo isilazimishwe kuwa na nyasi. Ichimbwe kidogo iwe bakuli, bomba la paa na mifereji ya bustani vielekezwe humo, na ipandwe migomba na magimbi.